Mwenyekiti wa Usafiri Apanda Lori la Mbuzi

Pale Zombe mtu akifa, simu ya kwanza huenda kwa mchungaji na ya pili huenda kwa Kimeu. Mchungaji hushughulikia alikokwenda marehemu; Kimeu hushughulikia magari. Harusi nayo ni vivyo hivyo. Kamati yoyote ikiundwa, humchagua Kimeu mwenyekiti wa usafiri hata kabla ya sala ya kufungua mkutano. Gari lake mwenyewe hana. Kuendesha pia hajui. Lakini anajua nani ana pikapu isiyokataa mlima, nani hukubali kuazima gari lake kisha huzima simu asubuhi ya safari, na anaweza kukaa kibarazani amefumba macho akakwambia lori linalopita ni la nani na kwamba dizeli yake haiungui vizuri.

Msafara wa Kimeu ulikuwa na taratibu zake. Magari yalifungwa riboni, taa ziliwashwa mchana kweupe, honi hazikupumzika. Msafara haukwenda moja kwa moja ulikokuwa ukienda, kwani huo ungekuwa uvivu. Ulizunguka soko kwanza, ili hata wasiohusika wahusike. Kuna mama mmoja aliyezikwa karibu sana na kanisa, mahali ambapo jeneza lingeweza kupitishwa juu ya ua kwa mikono. Kimeu aliliondoa hapo kanisani, akalipeleka mpaka barabara ya Kitui, akaligeuza, akalirudisha na mstari wa magari nyuma yake, marehemu akasafiri siku ile zaidi kuliko alivyowahi kusafiri maishani. Vumbi lilipotua na moshi ukabaki umening'inia juu ya migunga, Kimeu alisimama kando ya barabara akijiona kama mtu aliyeandika jina lake mbinguni. Baadaye, alipoanza kujicheka, alisema kwamba kweli alikuwa ameliandika huko, kwa masizi.

Kulikuwa na mzigo mmoja tu ambao mwenyekiti huyu hakuwa ameusafirisha, nao ulikuwa wake mwenyewe.

Kwa Wakamba, mke hawi mke mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa baba yake. Watatu tu. Unaweza kujenga nyumba ya mawe, ukabarikiwa kanisani, ukasomesha watoto mpaka chuo kikuu. Kama hao watatu hawajafika, huyo ni binti wa watu amekaa kwako, na watoto unaowaita wako ni wa babu yao. Na ubaya zaidi, binti yako akipata mchumba, wewe huwezi kupokea mbuzi wake. Utapokeaje, na wewe mwenyewe hujapeleka?

Kimeu alilijua hili tangu ujana wake. Hakukosa mbuzi. Alikosa magari. Alipokwenda mara ya kwanza Tseikuru kujitambulisha kwa Mzee Kivuva, baba yake Ndila, alijisahau akaahidi kwamba ntheo ya Ndila itakuja na msafara ambao kichwa chake kikiingia bomani kwa mzee, mkia utakuwa bado uko Zombe ukitia mafuta. Mzee Kivuva alimtazama, akatema mate kando, akasema, "Mimi sili magari."

Lakini ahadi ni ahadi, hasa ile uliyoitoa kwa kiburi chako mwenyewe. Mwaka huu ukame, mwaka ujao karo, mwaka unaofuata bei ya petroli. Ndila alizaa, akalea, akafuga mbuzi wake pale nyuma ya nyumba mpaka wakawa kundi, na mumewe akaendelea kuwapeleka watu wengine kwa wakwe zao kwa honi na vifijo. Mzee Kivuva hakulalamika. Alichofanya ni kumwita Kimeu "mgeni". Kimeu akimpigia simu ya Krismasi, mzee husema, "Nani? Aa, yule mgeni," na kumuuliza kama mvua imenyesha kwao.

Kisha korona ikaja, na barabara ikanyamaza.

Ulikuwa ukimya ambao Kimeu hakujua auweke wapi. Mazishi yakawa ya watu wachache, asubuhi na mapema, chifu amesimama pembeni na barakoa yake kama anayeogopa marehemu atapumua. Harusi zikaahirishwa. Magari ya abiria yakapakia nusu, kisha mengi yakalala nyuma ya nyumba yakigeuka viota vya kuku. Jioni, kabla ya kafyu, Kimeu alitoka kibarazani akatega sikio barabarani na kusikia upepo tu, na mbwa, na mtoto akilia ng'ambo ya soko. Hewa ikawa nyepesi. Milima ya Mutito, ambayo yeye aliizoea kama doa la kijivu nyuma ya mambo mengine, ikajitokeza na miti yake na miamba yake, karibu kabisa, kama jirani uliyemkalia kimya miaka mingi na leo amesimama mlangoni. Kimeu aliitazama, ikamtia huzuni. Alihisi ardhi yote inapumua kwa raha kwa sababu yeye hana kazi.

Binti yake Mutindi alirudi nyumbani wakati huo. Alikuwa amesomea mambo ya mazingira, kazi yake mjini ikafungwa, akaja na begi moja na tumbo ambalo gauni halikuweza tena kulificha. Mchumba wake, Kisilu, alikuwa akiuza vipuri Makindu kando ya barabara ya Mombasa. Alipiga simu kila siku kusema kwamba malori ya mizigo bado yapo ila mabasi na magari madogo yametoweka, na kwamba siku hizi mtu akisimama mlangoni pa duka anahesabu mikunjo ya vilima vya Chyulu.

"Si huko tu, Baba," Mutindi alisema. "Dunia nzima mafuta yamekosa wa kuyachoma. Ndege zimelala, magari yamelala. Hewa ya ukaa imeshuka vile haijawahi kushuka tangu tuzaliwe."

"Kwa hivyo hewa imesafika kwa sababu mimi nimekaa."

"Si wewe peke yako."

"Lakini nimechangia."

"Umechangia sana. Ule mzunguko wa soko peke yake..."

"Usiniambie hesabu," Kimeu akasema. "Niache nijivunie hivi hivi."

Wiki hiyo wazazi wa Kisilu wakatuma neno kutoka Makindu: wanataka kuleta mbuzi wa Mutindi, watu wachache kama serikali ilivyosema, kabla mtoto hajazaliwa. Kimeu aliruka kutoka kitini. Alianza papo hapo kupanga gari la wageni lisimame wapi na nani atalielekeza kugeuka. Ndila alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Hao mbuzi watawaleta kwa nani, Baba Mutindi?"

"Kwangu. Kwa nani tena?"

"Na wewe ni nani?"

Kimeu akarudi kitini. Maharagwe yakaendelea kuanguka sufuriani, moja moja.

Alipiga simu Tseikuru usiku haujaingia. Mzee Kivuva alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni.

"Basi hakuna shida," mzee akasema. "Waambie watu wa Makindu waje kwangu. Huyo msichana ni wangu. Mama yake ni wangu. Hicho kilicho tumboni nacho ni changu mpaka wakilipie. Nakushukuru, mgeni, kwa kuwalisha miaka yote hii. Mungu akubariki."

Kimeu alirudi mezani na maneno hayo, akajaribu kuyasema kwa mzaha, mzaha ukamkwama. Mutindi hakucheka. "Mimi siendi kuolewa Tseikuru kama mtoto asiye na baba," alisema, "na baba ninaye, ameketi hapo anasubiri magari."

"Barabara zikifunguliwa tu..."

Mutindi akaweka mkono juu ya tumbo. "Huyu ataomba ruhusa ya kafyu?"

Mutindi ndiye aliyepata njia. Abdijabar, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Tseikuru, alikuwa ameleta mbuzi Zombe, na kabla hajauza nusu, maofisa wakafunga soko kwa sababu ya msongamano. Lori lake lilikuwa linarudi na mbuzi waliobaki, nafasi nyuma ikiwa tele. Mizigo iliruhusiwa kusafiri. Abiria hawakuruhusiwa, ila dereva na tanboi wake, yule msaidizi wa mizigo.

"Linarudi karibu tupu, Baba. Dizeli itaungua ile ile, na wewe ndani au na wewe nje. Ukipanda huongezi hata moshi wa kijiko."

"Mwenyekiti wa usafiri awe tanboi?"

"Wa mbuzi," Ndila akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa.

Abdijabar alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye ndevu nyekundu za hina. "Panda, mwenyekiti," alisema. "Lakini tanboi wangu havai suti."

Kimeu alivaa suti. Mtu anakwenda kupeleka ntheo yake baada ya maisha mazima, atavaa nini? Na kwa kuwa hakuwa na gari hata moja la kufunga riboni, aliwafunga mbuzi. Ndila aliwachagua watatu kutoka kundi lake, beberu mmoja na majike wawili, naye Kimeu akawazungushia riboni kwenye pembe, nyeupe na nyekundu, kwa fundo lile lile alilotumia kwenye vioo vya magari. Ndila alitazama tu. Mume wake hakuwa amemtazama mbuzi hata mmoja usoni tangu waanze kuishi pamoja, na asubuhi ile pia hakutazama mbuzi. Alitazama riboni kama zimekaa sawa.

Waliondoka alfajiri, kafyu ilipoisha. Mahali pa kupakia abiria njiani palikuwa patupu, na lori lilipita vijijini kama linapita kanisani siku ya Jumatatu. Kimeu aliketi mbele na suti yake, dirisha wazi, akaona kwa mara ya kwanza kwamba nchi hii ina ndege wengi kuliko magari. Jambo hilo lilimgusa, na alikuwa karibu kumwambia Abdijabar neno zito kuhusu maisha, walipofika kizuizi cha polisi karibu na Mwingi.

"Na huyu?" polisi akauliza.

"Tanboi," Abdijabar akajibu.

Polisi aliangalia mvi, akaangalia tai. "Tanboi, shuka uhesabu mifugo."

Kimeu akashuka, akapanda nyuma na viatu vyake vilivyong'arishwa, akahesabu, akakosea, akahesabu tena, na polisi akawaachilia kwa kicheko. Wakati huo ndipo alipopaswa kuona. Lakini alikuwa anaangalia asikanyage mavi, na alichokumbuka baadaye ni kwamba beberu mmoja alikuwa akitafuna kitu cheupe kwa raha sana.

Walifika Tseikuru jua likiwa bado juu. Mzee Kivuva aliketi nje ya nyumba yake kwenye kiti cha kamba, barakoa imeshushwa kidevuni, na viti viwili vimewekwa mbali kama watu wanaogombana. Alitazama lori. Kisha akachungulia nyuma ya lori, barabarani.

"Karibu, mgeni. Hiki ndicho kichwa?"

"Ndicho, Mzee."

"Na mkia uko Zombe bado unatia mafuta?"

"Korona imeukata, Mzee."

Abdijabar alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Mzee hakucheka. Alisema, "Basi nionyeshe mbuzi wangu."

Nyuma ya lori palifunguliwa. Mbuzi waliruka chini mmoja mmoja, wakajimwaga uani, wa kahawia, wa madoa, weupe, weusi, wakapigana na majani ya ua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na riboni. Pembe moja ilikuwa na uzi mwekundu uliolowa mate. Riboni zingine zote zilikuwa zimeliwa, tangu Zombe hadi hapo, mbuzi wakivuana mapambo kwa zamu.

Kimeu alisimama. Mtu huyu, ambaye angekutajia lori kwa mlio wake usiku wa giza, alitazama mbuzi na kuona mbuzi. Wote walikuwa na masikio. Wote walikuwa na mikia. Alijaribu kukumbuka kama jike lake lilikuwa jeupe au jeupe lenye doa, akagundua kwamba hakuwahi kulijua jambo hilo hata aweze kulisahau.

"Yule," alisema hatimaye, akimwonyesha beberu mkubwa mwenye sura ya heshima.

"Huyo ni wangu," Abdijabar akasema kwa huruma. "Ana chapa yangu sikioni."

"Basi yule wa nyuma yake."

"Huyo pia ni wangu, mwenyekiti."

"Na wewe si unajua ni wepi wangu?"

"Ninajua walio wangu. Lakini mzee hakuniuliza mimi."

Mzee Kivuva alikuwa amekunja mikono juu ya fimbo. "Mtu huleta mbuzi wake," alisema polepole. "Nikipokea wa Abdijabar nitakuwa nimeozesha binti yangu kwa Abdijabar."

"Nina wake wawili tayari, Mzee, usinitie matatani," Abdijabar akasema.

Suti ilikuwa moto. Kimeu alimwona akilini Mutindi ameketi Zombe na simu mkononi, akingoja kuambiwa kama ana baba. Aliwaza pia, kwa uchungu ule unaochekesha, kwamba angekuwa amefika na magari mia moja, na mbuzi watatu ndani ya gari la mwisho, bado angesimama hapa hapa bila kujua ni wepi wake. Ila honi zingemfichia aibu. Leo hakukuwa na honi. Kulikuwa na uwanja, na mzee, na ukimya unaokusikiliza.

Akatoa simu akampigia mkewe.

"Ndila," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti wa kitu chochote. "Siwajui mbuzi wako."

"Nilijua hutawajua," Ndila akasema. "Weka sauti kubwa. Inua simu juu."

Kimeu aliinua simu kama mtu anayetafuta mtandao. Ikatoka sauti ambayo alikuwa ameisikia kila jioni nyuma ya nyumba yake na hakuwahi kuisikiliza, ulimi ukigonga kaakaa, kisha mwito mrefu unaoshuka mwishoni. Uani, vichwa vitatu viliinuka kutoka kwenye majani. Jike moja jeupe lenye masikio ya kahawia, jingine la madoa, na beberu mweusi mdogo ambaye Kimeu hangemdhania kabisa. Walipita katikati ya mbuzi wa Abdijabar, wakaja wakasimama mbele ya suti, wakitazama simu juu, wakilia. Mweupe alisimama kwa miguu ya nyuma akaweka kwato kwenye tai.

Abdijabar alitaja jina la Mungu. Mzee Kivuva alikaa vile vile, lakini fimbo ilikuwa imemponyoka na hakuiokota.

"Ndila," mzee akaita kuelekea ile simu.

"Abeti, Baba."

"Kwa hivyo mbuzi wa kukulipia wewe ni mbuzi uliowalea wewe."

"Ni wa nyumba yetu, Baba. Yeye alinijengea boma lao. Hakujua ni la nini, lakini alijenga."

Mzee aliwatazama wale watatu. Mbuzi hawakutulia. "Mbuzi hakimbilii sauti ya mtu anayelala njaa au anayepigwa," alisema mwishoni, kama anayejiambia mwenyewe. "Hili ndilo nilikuwa nataka kujua. Nimengoja kulijua miaka mingi, huyu akiniletea habari za magari." Akamgeukia Kimeu. "Nimepokea. Funga huyo beberu."

Mzee alimwomba Abdijabar achinje yeye, ili naye aweze kula. Moto ukawashwa, maini yakachomwa, watu watatu wakala wameketi mbalimbali, wakipaaza sauti. Kimeu alikata nyama, akampigia tena Ndila amwambie kwamba sasa ni mke wake kihalali.

"Vizuri," Ndila akasema. "Acha nimalize kukamua, nitafurahi baadaye."

Watu wa Makindu walifika Zombe wiki mbili baadaye. Mutindi alikuwa ameomba gari moja tu, na gari moja ndilo lililokuja: Kisilu na wazazi wake ndani, mbuzi kwenye buti lililofungwa kwa kamba, vichwa nje, wakitazama Kitui kwa wasiwasi wa mbuzi wa Makindu. Kimeu alikuwa amesimama getini tangu asubuhi kama baba wa bibi harusi, jina ambalo sasa alikuwa na haki nalo, na alikuwa ametayarisha maneno machache kuhusu unyenyekevu. Alikuwa hata amemwambia mchungaji kwamba ugonjwa huu umemfundisha kitu, kwamba safari ni mtu anayefika na wala si mlio wake, na mchungaji alikuwa ameahidi kulitumia neno hilo katika mahubiri ya Jumapili.

Gari lilikuwa zee. Lilipanda kile kilima kidogo cha mwisho kwa shida, likatoa nyuma yake wingu jeusi, zito, la mafuta yasiyoungua vizuri, likaja likasimama mbele yake na wingu likamfunika mpaka kifuani. Ilikuwa imepita miezi bila hata harufu hiyo. Na Kimeu, mzee wa kanisa, mkwe halali wa Mzee Kivuva, alishusha barakoa yake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa chapati kwa jirani.

"Baba!" Mutindi akaita kutoka mlangoni.

"Ninakohoa tu," Kimeu akasema, na akaenda haraka kuwafungulia mbuzi, akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine.